Tangazo Katikati ya Maombi

Mchungaji Okemwa alikuwa amefumba macho, maombi yamekolea, kompyuta ya Filister ilipopaza sauti kutoka pembeni mwa sebule: "Je, tumbo lako limekushinda? Lipunguze kwa wiki mbili!"

Akina mama wa kanisa wakabana midomo. Mchungaji, ambaye tumbo lake lilijulikana Sindo nzima, alisema "Amina" mapema kuliko kawaida yake, kisha akaangua kicheko. Filister hakucheka. Alikuwa fundi wa nguo, na kompyuta hiyo ndiyo aliyowaonyeshea wateja mitindo. Siku hizi kila akifungua picha ya gauni, yaliruka matangazo ya kamari, ya dawa za nywele, na ya warembo waliodai wako karibu naye.

"Baba Lorine, wewe unafungua vitu gani hapa?" alimuuliza mumewe wageni walipoondoka.

"Mimi? Mimi hata kuiwasha sijui," Javan akajibu, na ilikuwa kweli.

Filister akavuta kiti. Akakuta programu moja asiyoitambua, akaifuta. Akaendesha antivairasi. Akaona kijiprogramu kingine kimejibandika kwenye brauza, nacho akakiondoa. Kompyuta ikatulia, naye akaenda kusonga ugali huku akiimba. Aliporudi, kijiprogramu kilikuwa palepale, na kamari inamkonyeza.

"Hilo ni pepo," Javan akasema.

"Pepo gani? Pepo angetoroka Mchungaji akiomba."

Akampigia binti yao, Lorine, aliyefanya kazi katika duka la dawa huko Suna, Migori, akamweleza jinsi kompyuta inavyomsumbua.

"Mama, hata yangu iko hivyo!" Lorine akasema. "Ilianza nilipopakua programu ya bure ya kurembesha picha."

"Na hapo kwa brauza umeingia na akaunti ya nani?"

Lorine akachungulia skrini yake. "Yako. Ile ya picha za familia."

Filister akajipiga paja. Kumbe kila alipokifuta kile kitu Sindo, kompyuta ya Suna ilikuwa inamrudishia kupitia akaunti hiyohiyo.

"Basi leo tunakifuta pamoja."

Wakaweka simu kwenye spika. Kwanza wakazima ule mpangilio unaonakili vitu kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Kisha kila mmoja akafuta programu kwake, akaondoa kijiprogramu, na kuzinyima ruhusa tovuti zote zilizokuwa zikituma arifa.

"Nimemaliza. Sasa tubadilishe nywila," Lorine akasema.

"Nyathina, mwanangu, ngoja! Mimi bado natafuta miwani."

"Iko kichwani mwako," Javan akamwambia.

Wakabadilisha nywila, wakazima, wakawasha. Filister akafungua gauni moja, la pili, la tatu. Hakuna kilichoruka.

"Kwako je?"

"Kumetulia, Mama. Kimya kabisa."

Filister akashusha pumzi, akaegemea kiti. Lakini Lorine hakuaga.

"Kuna kingine kimeharibika?"

"Hapana. Mama... kuna mtu nataka kumleta huko nyumbani. Anatoka Kehancha. Anaitwa Maroa."

Filister akamvutia mumewe kiti.

"Baba Lorine, kaa hapa. Mtoto ana habari."