Mlangoni kwa Gidabuday

Wanawake waliketi nje ya boma la Gidabuday tangu asubuhi, kila mmoja na fimbo yake magotini. Sista Paskalina alikuwa katikati yao.

Gidabuday alimpiga mkewe Udaweda kwa mpini wa jembe, kitovu cha kichanga chao bado hakijakauka. Kwa Wadatoga, mwanamke aliyetoka kujifungua hapigwi. Akipigwa, wamepigwa wanawake wote, nao hukaa baraza wakamtoza mwanamume fahali mweusi asiye na doa. Akikataa wanamlaani, yeye na wote waliomo bomani. Sharti ni moja: wawe na kauli moja. Fimbo moja ikibaki bila kulazwa chini kuelekea boma, laana haishiki.

Wenye mihuri ya serikali walishasema hayo ni mambo ya ndani ya nyumba. Ni hao hao waliosema ni maendeleo pale mashamba ya ngano yalipomeza malisho. Hawakosi jina zuri la kunyamaza kwao. Mabibi wa bonde lile, chini ya Balangdalalu, hawajasahau jina hata moja.

Udaweda alikimbilia zahanati ya masista akiwa na kichanga mgongoni. Mwantumu, nesi Mwislamu kutoka Tabora, ndiye aliyemfunga mkono uliovunjika. Kisha mabibi wakaja na nyimbo zao hadi getini: mwanamke atakayebaki nyuma atahesabiwa upande wa mume. Mwantumu alikaza ushungi akatoka. Paskalina naye akatoka. Miaka yote aliwaambia majirani hawa kwamba yeye ni dada yao. Leo walikuja kumchukua huyo dada.

Lakini laana? Paskalina ni Mwiraqw wa Bashay, aliiogopa laana kabla hajaijua rozari. Na ndani ya boma walikuwamo watoto wawili wa Udaweda. Laana haiulizi umri.

Gidabuday alitoka na mkuki. Hakumwamkia hata bibi mmoja, na hilo peke yake lilikuwa tusi.

"Sista," alisema, "hili ni baraza la waliozaa. Wewe umezaa nani? Nesi angalau ana mtoto huko kwao. Wewe umekuja kuangalia sinema?"

Mwanamke mmoja alicheka kwa woga, akaziba mdomo.

"Rudi kwa Yesu wako. Ukiinuka, mimi na hawa tutaongea vizuri. Ukikaa, ile njia ya zahanati unaipita kila siku. Na mimi naipita."

Bibi Udahaida, kiongozi wa baraza, aliongea bila kumtazama. "Shikamoo imekushinda, Gidabuday, halafu unataka kufundisha watu kuzaa. Wajukuu zangu watatu wametoka mikononi mwa huyu. Amehesabiwa." Akatazama jua. "Fahali hatujamwona. Lazeni fimbo."

Zikaanza kulala moja moja, ncha zikielekea boma, kila mwanamke akitaja jina la Aseeta, Mungu wao. Mwantumu alilaza yake akinong'ona astaghfirullah. Ikabaki ya Paskalina.

Akiinuka, Udaweda atarudi kwenye ule mpini bila mtu nyuma yake. Akilaza, atakuwa amelaani watoto aliowapokea yeye mwenyewe walipozaliwa. Mle ndani mmoja alikohoa.

"Bibi," aliuliza, "mtoto akiwa nje ya boma, yumo?"

Udahaida alifikiri. "Aliye nje hayumo."

"Basi nikawatoe kwanza."

Paskalina aliinuka na fimbo yake mkononi, akaenda moja kwa moja hadi aliposimama Gidabuday. Kumgusa mwanamke aliye barazani ni fahali wa pili, wote walijua. Lakini mkuki haujui sheria. Alipita karibu naye hata akasikia pumzi zake. Ndani aliwakuta watoto nyuma ya vibuyu vya maziwa, akawashika mikono, akarudi. Hakutazama nyuma.

Akaketi. Akawaweka watoto nyuma yake. Akaishusha fimbo polepole, na Gidabuday akaona kuwa mtawa huyu hatanii.

"Subiri," alisema.

Akaenda zizini, akamleta fahali mweusi. Alipomkabidhi Udahaida kamba, aliinama kwa Paskalina kama anayesalimia. "Fahali huyu ni wa hawa, Sista. Wewe na mimi bado."

Mabibi waliimba. Ikaamuliwa Udaweda na watoto wake wakae kwa Udahaida mpaka mkono upone. Paskalina hakuweza kuimba. Alikuwa anajua kwamba fimbo ile angeilaza.

"Tunawasindikiza," alisema Udahaida.

Wakaondoka wote kwa kundi, wakiwazunguka Sista na nesi. Lakini kila mmoja alikuwa na ng'ombe wa kukamua, na kila penye njia panda mmoja aliaga. Sauti za nyimbo zikapungua. Mwisho walibaki wawili, Mwantumu akimshika Paskalina mkono, na zahanati ilikuwa bado haijaonekana.