Ng'ombe wa Mahari ya Elina

Jumamosi saa tatu asubuhi halmashauri ya kigango ilikaa kanisani Kimali kusikiliza shauri la Elina. Wazee sita walijipanga kwenye benchi la mbele. Nyuma yao magunia ya pamba yalifika hadi dirishani, kwa sababu ghala la ushirika lilikuwa limejaa. Elina aliwekewa mkeka chini. Alikaa hapo na mkono wake wa kushoto uliovunjika na kufungwa hogo, akimeza hasira pamoja na mate.

Alitaka barua moja tu, ya kumruhusu akaishi kwa dada yake kule Binza, mbali na mumewe Bundala. Hakuomba ndoa ivunjwe. Kanisa lenyewe linamruhusu mke kukaa mbali na mume anayehatarisha maisha yake. Aliyasikia hayo kwa masikio yake mwaka jana, kwenye semina ya parokia kuhusu utu wa mwanamke, alipokuwa akipitisha sahani za pilau. Bila barua hiyo baba yake, mzee Malimi, alikwisha kuapa kumfuata huko Binza na kumrudisha, maana angedaiwa mahari, na ng'ombe kumi na mmoja kati ya kumi na wawili walikuwa wametolewa tena Shija, kaka yake, alipooa. Alibaki mmoja, jike mzee mwenye pembe moja.

Katekista Athanasi alisimama, akasoma waraka wa Mtakatifu Paulo pale panapowaambia wake wawatii waume zao. Alipofika mwisho wa sehemu hiyo alifunga kitabu, kama afanyavyo kwenye kila shauri la namna hii.

"Usifunge, Athanasi," alisema ng'ombe mwenye pembe moja. "Paulo hajamaliza."

Alikuwa amesimama mlangoni. Alitoka kwa Malimi alfajiri, peke yake, na miguu ilikuwa imejaa vumbi. Wazee waligeuka. Ngassa, mwenyekiti, ambaye pia ni baba mdogo wa Bundala, alimwamkia.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka. Aendelee kusoma."

Mayu, yaani mama. Elina alikuwa amefika hapo tangu saa mbili na hakuna hata mmoja aliyemwita hivyo.

Athanasi alifungua kitabu tena. Sehemu ya waume ilikuwa ndefu kuliko ya wake, na alijikwaa mara kadhaa kwa kukosa mazoezi. Alipomaliza, ng'ombe alisogeza kwato hadi kwenye kizingiti.

"Mimi nilitolewa ili huyu aolewe," alisema. "Hakuna aliyenieleza kwamba natolewa ili avunjwe mkono. Kama mimi ndiye ninayemzuia, basi nimerudi mwenyewe kwa walionitoa. Mwacheni aende."

Ngassa alimpigia simu Padri Gilbert parokiani, akaweka spika ili wote wasikie.

"Ni jike au dume?" padri aliuliza.

"Jike, Padri."

"Basi asisogee altareni. Aongelee hapo hapo mlangoni."

Aliongeza kwamba punda wa Balaamu naye alisema, kwa hiyo jambo lenyewe halina shida yoyote kiimani. Kisha aliwatakia kikao chema.

Saa sita kasoro maazimio yalisomwa. La kwanza, ng'ombe ni neema kwa kigango, atajengewa banda kando ya kanisa, na ni marufuku kumwinulia fimbo. La pili, Elina arudi kwa mumewe, avumilie, abebe msalaba wake.

"Msalaba wangu una jina," Elina alisema. "Unaitwa Bundala. Na ninyi ndio mnaonitwisha."

"Mayu ametusaidia sana leo," Ngassa alijibu, akimtazama ng'ombe. "Kikao kimefungwa."

"Mmenisikia lakini?" ng'ombe aliuliza.

"Tumekusikia, mayu."

Bundala, aliyekuwa ameketi pembeni, aliinuka na fimbo yake ya kuchungia. Ng'ombe aliziba mlango kwa mwili wake wote. Bundala aliificha fimbo nyuma ya mgongo, akamwomba samahani, akajipenyeza ubavuni, akaenda kumsubiri mkewe nje.

Jumapili kanisa lilijaa hadi uani. Wengine walikuwa wametoka Maswa kwa bodaboda kuja kumsikiliza ng'ombe. Alirudia maneno yale yale, kwamba mwanamke huyu aachwe aende zake, na watu waliitikia amina, Bundala kwa sauti kuliko wote. Elina alikuwa ameketi karibu na magunia ya pamba, jicho lake la kulia limevimba hadi limeziba. Kwenye matangazo Athanasi alisoma zamu za wanawake za kumkatia ng'ombe majani. Alianza na Elina, akakumbusha kwamba atakayethubutu kumpiga ng'ombe yule atatengwa na sakramenti.