Tumbo Lililonyamaza

Siku ya tatu baada ya upasuaji, muuguzi alimuuliza mama mkwe wangu swali ambalo alikuwa amemuuliza jana na juzi: "Mama, umeshatoa upepo?"

Mama mkwe akageukia ukutani. Huyu ni mwanamke aliyeshona sare za shule kwa miaka thelathini, mtaa mzima ukimwita Mama Pindo kwa sababu pindo lake halifumuki. Katika miaka tisa tangu niolewe na mwanawe, sikuwahi kumsikia hata akipiga mwayo. Sasa amekatwa kipande cha utumbo uliojisokota, na kila asubuhi anaulizwa habari za upepo mbele ya mkwe.

Daktari alikuwa ametueleza. Utumbo ukishikwashikwa kwenye upasuaji hugoma siku kadhaa. Upepo ukitoka, umeanza kuamka. Kabla ya hapo, asile kitu.

"Nimetoa," mama akauambia ukuta.

"Lini?"

"Sasa hivi, mkwe wangu aliponiosha. Muulize."

Muuguzi akanitazama. Mama naye akageuka, akanitazama. Nilikuwa nimemwosha kuanzia shingo hadi nyayo na sikusikia kitu.

"Ndiyo," nikasema. "Nilisikia."

Muuguzi akaandika kwenye faili. Muda si muda kikaja kikombe cha uji mwepesi. Mume wangu, ambaye ni dereva wa lori na alikuwa safarini, alipiga simu akauliza kama mama amekula. Nikamwambia amekula. Akashangilia mpaka nikaisogeza simu mbali na sikio.

Mchana kwikwi ikaanza. Nikalipapasa tumbo lake juu ya shuka. Limekaza kama ngozi ya ngoma.

"Mama, nimwite muuguzi?"

"Kaa chini. Ni uji unashuka."

Nikakaa, lakini roho haikukaa. Nilikuwa nahesabu kwikwi. Kwenye ya arobaini na kitu akajiinua ghafla, akatapika, na kilichotoka hakikuwa uji mtupu, kilikuwa cha kijani. Nikamlaza ubavu asije akapaliwa, nikatoka mbio na kandambili moja.

"Hakutoa upepo," nikamwambia muuguzi kabla hata sijamfikia. "Nilidanganya. Nilimwonea haya."

Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alimwita daktari, naye akaweka kifaa chake juu ya tumbo, akasikiliza hapa, akasikiliza pale, muda mrefu mno.

"Kimya," akasema.

Wakampitisha mpira puani hadi tumboni, na maji yale ya kijani yakaanza kushuka kwenye mfuko. Dripu ikaongezwa dawa kwa sababu chumvi za mwili zilikuwa zimeshuka. Daktari akaniita pembeni. "Tunampa mpaka kesho adhuhuri. Utumbo usipoamka, tutampiga picha. Huenda ule mshono wa ndani unavuja, na hapo itabidi tumfungue tena."

Niliporudi kitandani, mama alisema neno moja: "Umeniaibisha." Kisha akafumba macho.

Kesho yake asubuhi muuguzi akaamuru mgonjwa atembee. Nilishika mti wa dripu kwa mkono mmoja, mama kwa mwingine, tukaingia ukumbini. Mzunguko wa kwanza hakunisemesha. Wa pili akachoka, akaniegemea.

"Nyinyi wa siku hizi hamna haya," akanong'ona.

"Haya ndiyo iliyokutia mpira puani, mama."

Nikajiuma ulimi, lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Akasimama. Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka, ameshika kidonda kwa viganja viwili. "Usinichekeshe, mtoto we! Nitafumuka!"

Saa nne kasoro, kwenye mzunguko wa tano, mbele ya wagonjwa sita na mfagiaji mmoja, tumbo likanguruma, na upepo ukatoka. Haukuwa mdogo. Mfagiaji akasema, "Hongera, mama," kwa heshima zote, wala hakutania. Mimi nililia palepale, kamasi na machozi.

Mpira ulitolewa siku iliyofuata. Akapewa maji kijiko kwa kijiko, kisha supu. Nilikuwa nafuta mdomo wake aliponiuliza: "Mimi nilidanganya ili waache kuniuliza. Wewe je?"

"Nilikuogopa, mama."

Akashangaa kweli. "Miaka yote hii?"

"Miaka yote."

Akaitazama mikono yake iliyojaa alama za sindano za dripu. "Basi nimekosea mahali," akasema. Kisha akasogea kidogo kitandani, akapigapiga godoro ili nikae karibu naye, maana tangu siku ya kwanza nilikuwa nakalia kiti.