Mishipi Mia Tatu ya Mama Pipa

Jemedari aliingia kwenye karakana ya rangi bila hodi, sharubu zikitangulia, askari wanne nyuma. Mama Pipa alikuwa ameinamia pipa lake kubwa, mikono myekundu mpaka viwikoni. Hakuinuka. Huu ulikuwa mwaka wa tatu watoto wawili wa mfalme mmoja wanapigania kiti cha marehemu baba yao, naye alishachoka kuwainukia watu wenye panga.

"Mishipi mia tatu, myekundu," alisema Jemedari. "Kabla jua halijafika utosini."

Sababu yenyewe ilikuwa ya aibu, na mji mzima uliijua. Majeshi yote mawili yalivaa kofia za chuma zilezile na kutukanana kwa lugha ileile. Basi wiki iliyopita watu wa Jemedari walipigana wenyewe kwa wenyewe asubuhi nzima, adui yuko ng'ambo ya mto anawatazama tu. Leo wangevuka, na kila mmoja wao angejifunga mshipi mwekundu kiunoni.

"Na mdogo wangu?" aliuliza Mama Pipa. Mdogo wake, Kitinda, mtoto wa mwisho wa mama yao, alikuwa amekamatwa juzi akipigania upande wa pili.

"Tukishavuka nitamnyonga kulekule, wenzake wakiona. Na ukichelewa, kamba inawatosha wawili."

Mama Pipa ndiye aliyembeba Kitinda mgongoni, akamfundisha kazi, hadi siku ile kijana alipoutupa mti wa kukorogea na kusema rangi ni kazi ya kupoteza maisha, yeye anakwenda vitani. "Nenda ukafie hukohuko," dada mtu alimjibu. Ndiyo yaliyokuwa maneno yao ya mwisho, na tangu juzi yalikuwa yanamla ndani kwa ndani.

Alipobaki peke yake akachochea moto. Mizizi ikachemka, wekundu ukakolea. Sasa, kwenye kazi hii kuna kitu kinaitwa shabu, jiwe jeupe la kusaga, ndilo linaloifunga rangi kwenye kitambaa. Bila shabu rangi inapendeza vizuri tu, mpaka siku ya kufua. Mama Pipa akalitazama gunia la shabu. Akachota vikombe viwili, akavikoroga kwenye ndoo ya maji, akaiweka kando, akalifunga gunia. Mishipi yote mia tatu akaitia rangi hivyohivyo, bila shabu, akaianika juani. Alikuwa na raha ya ajabu.

Jua likikaribia utosini alifika mtoni na punda wake, mishipi na ndoo. Jeshi lilikuwa limejipanga kivukoni. Chini kidogo, baada ya kona ya mto, palikuwa na walinzi wa mizigo wakinywesha farasi, na Kitinda amefungwa kwenye gurudumu la mkokoteni.

Jemedari alichomoa mshipi katikati ya mzigo. Hakuchukua wa juu. Sharubu zile hazikuota juu ya mjinga. "Maji," alisema.

Miaka ishirini Mama Pipa ameuzia wateja wajanja, na wote huijaribu rangi kwa maji hivyohivyo. Akamsogezea ndoo yake. "Haya hapa, bwana mkubwa, usije ukalowesha viatu bure."

Jemedari akatumbukiza mshipi, akaukamua. Maji ya shabu yaliushika wekundu palepale, yakatoka matone mawili matatu tu. "Kazi safi," alisema, akajifunga huohuo.

Jeshi likaingia mtoni, maji ya kiuno. Mama Pipa akajifanya anampeleka punda kunywa, akazunguka kona. Kitinda alipomwona alifungua kinywa. Dada yake akamkata jicho, naye akakifumba.

Kwanza zikasikika kelele kutoka juu, kivukoni. Kule watu walikuwa wanaulizana mishipi imekuwaje, na wewe ni wa upande gani, lakini walinzi wangejuaje? Halafu maji yakafika. Yalikuja mekundu kutoka ukingo hadi ukingo, na farasi mmoja akainua mdomo unaochuruzika.

"Wamechinjwa wote," alisema mlinzi mmoja kwa sauti ndogo.

Mama Pipa hakuwa amelipanga hilo hata kidogo. Yeye alitaka wachanganyikiwe tu, apate pa kupenya. Ila fundi ni fundi. Akainyoosha juu ile mikono yake myekundu, akapiga ukunga: "Wanakuja huku!"

Ikawa mguu niponye. Aliyekuwa na kamba ya kunyongea aliitupa, na kofia pia. Kitambo kidogo pale hapakuwa na mtu, na Mama Pipa alikuwa anakata fundo kwa kisu cha karakana.

Kitinda aliutazama mto, akaitazama mikono ya dada yake, uso umempauka. "Dada, umeua wangapi?"

"Hata mmoja. Panda punda."

Kule kivukoni alibaki mtu mmoja tu mwenye mshipi mwekundu, na adui ng'ambo hawakupata taabu kumjua mkubwa ni nani.

Mshipi mmoja ulielea ukapita, umefifia kama maji ya kuoshea vyombo. Kitinda akauokota, akausugua kwa kidole gumba kama alivyofundishwa utotoni. Akaanza kucheka, kisha akawa analia. "Hukutia shabu."

"Sikutia." Naye machozi yalikuwa yanamtoka. "Yale maneno niliyokuambia siku ile..."

"Na yenyewe hukuyatia shabu," alisema Kitinda. "Yalishatoka zamani."