Namba Mia Mbili na Kumi na Tano

Kila vijana wapya wa chuo cha uuguzi wanapoingia wodini, sare zao zikiwa bado na mikunjo ya pasi ya kwanza, Mama Shuka hukumbuka yale majuma sita. Hakumbuki sana miaka mitatu ya masomo, wala siku ya mahafali ambayo watu walimpigia vigelegele mpaka masikio yakamuuma. Anakumbuka majuma sita tu, tangu majina yalipobandikwa hadi asubuhi aliyoingia darasani.

Wakati huo alikuwa na miaka arobaini na moja, na mwaka wa kumi na tatu akiwa mhudumu katika wodi ya wanaume. Alideki, alisukuma toroli la chakula, alimwaga vyombo ambavyo havitajwi mezani, na alibadilisha shuka. Hilo la mwisho ndilo lililompa jina. Aliweza kutandika kitanda upya mgonjwa akiwa amelala palepale, amgeuze ubavu huu, amrudishe ubavu ule, na mgonjwa asijue kama kuna lililofanyika. Wagonjwa wakamwita Mama Shuka, madaktari wakafuata, mwisho hata kwenye orodha ya zamu wakamwandika hivyo hivyo.

Nyumbani walikuwa wawili, yeye na bintiye. Baba mtu alifariki mtoto akiwa anatambaa. Binti alikuwa na miaka kumi na tisa, na tangu utotoni aliitwa Kasuku kwa sababu alianza kusema kabla ya kutembea, na tangu hapo hakupumzika.

Kasuku ndiye aliyekuwa aende chuo. Hilo halikuwa na mjadala. Alimaliza shule, biolojia akapata vizuri, na siku ya kuchukua fomu za maombi akarudi na mbili.

"Ya pili ya nani?" Mama Shuka akauliza.

"Yako. Vyeti vyako vipo sandukuni vinaliwa na mende. Biolojia ulipata, kemia ulipata. Jaza na wewe, mama, angalau nipate mtu wa kuhangaika naye."

Wakacheka, na kwa utani huo huo wakajaza. Wakapewa namba zinazofuatana: Kasuku mia mbili na kumi na nne, mama mtu mia mbili na kumi na tano. Wakafanya mtihani katika ukumbi mmoja, meza ya mbele na ya nyuma. Kwenye usaili Kasuku alitoka akiwa anang'aa, akasema amezungumza robo saa nzima bila kukwama. Mama Shuka yeye aliulizwa maswali machache. Angemfanyia nini mgonjwa anayelia kila akifumba macho? Akajibu, "Kwanza nitaangalia kama amelowa." Wasaili wakatazamana, wakaandika. Alirudi nyumbani akijua amejiaibisha.

Matokeo yalibandikwa kwenye ubao nje ya ofisi ya msajili. Walikwenda pamoja, wakapenya katikati ya watu. Kasuku akaweka kidole juu ya karatasi akaanza kukishusha. Mia mbili na mbili. Mia mbili na tisa. Mia mbili na kumi na tano.

Kidole kikasimama. Kikapanda juu kidogo, kikashuka tena, kama mtu aliyeangusha sindano anayepapasa palepale alipokwisha kupapasa. Baina ya tisa na kumi na tano hapakuwa na kitu.

"Hongera, mama," Kasuku akasema.

Lilikuwa neno lake la mwisho siku ile. Na kesho yake. Nyumba ikawa kimya hata Mama Shuka akagundua kwamba bomba la uani lilikuwa linavuja. Kwa miaka yote hakuwahi kulisikia. Binti alikula, aliosha vyombo, akisalimiwa aliitikia kwa kichwa, kisha akajifungia. Mama mtu alikuwa na furaha tumboni ambayo hakujua aiweke wapi. Kila ilipompanda, aliimeza.

Siku ya nne akajikaza. Akavaa gauni la kutokea, akaenda kwa msajili wa chuo, mzee wa miwani mwenye rafu za mafaili mpaka darini.

"Nimekuja kuhusu nafasi yangu," akasema. "Naomba apewe binti yangu. Ni namba inayofuatana na ya kwangu, hata kazi ya kubadilisha haitakuwa kubwa."

Msajili akavua miwani. "Mama, nafasi ya chuo si kiti cha basi umpishe mtu. Ukiiacha, anaingia wa kwanza kwenye orodha ya akiba. Na huyo," akapekua karatasi, "si binti yako."

"Yeye ana akili kuliko mimi."

"Inawezekana. Lakini waliokusaili waliandika hapa kwamba wewe tayari ni nesi, umekosa cheti tu. Nenda nyumbani ukajiandae."

Alirudi kwa hatua nzito. Hakukusudia kusema alikotoka, lakini gauni lile lilimchongea.

"Ulikwenda chuoni," Kasuku akasema. "Ulikwenda kunigawia nafasi yako. Mama! Mimi nimekuwa nani, mgonjwa wako wa kugeuzwa na kubadilishiwa shuka bila kuambiwa?"

"Nilitaka..."

"Najua ulichotaka!" Binti akapaza sauti, machozi yakamtoka kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya ubaoni. "Nimekosa. Acha nikose mwenyewe. Usiniibie hata hiyo."

Wakakaa jikoni, kila mtu na kigoda chake, wote wanalia, na bomba linavuja huko nje. Kilio kilipoisha, Kasuku akajifuta uso kwa kanga ya mamake, akauliza kwa sauti ya kukwaruza, "Mifupa ya mkono mmoja ni mingapi, kuanzia kwenye kifundo cha mkono mpaka vidoleni?"

"Sijui."

"Mifupa ishirini na saba. Uliijua ulipokuwa shule, umeisahau. Una majuma matano na siku tatu. Kesho ukitoka kazini usipite kwa jirani kupiga soga, njoo moja kwa moja."

Basi hivyo ndivyo Mama Shuka alivyogeuka mwanafunzi kabla ya chuo kufunguliwa. Zamu ikiisha saa tisa mchana alifika akakuta meza imefutwa, daftari limefunguliwa, na mwalimu amekaa. Kasuku alikuwa mkali asiye na mshipa wa huruma. Alibandika karatasi zenye majina ya mifupa kwenye ukuta, kwenye mlango wa choo, hata kwenye kifuniko cha debe la unga. Ukitaka unga, sharti utaje mfupa wa paja. Kuna siku walichelewa kula kwa sababu mwanafunzi alikwama kwenye kifundo cha mguu.

Lakini yapo mambo ambayo mwanafunzi aliyajua kuliko mwalimu. Walipofika sura ya kumgeuza mgonjwa, Kasuku akasoma aya nzima, hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, mamake akamwangalia kwa huruma.

"Lala hapo," akasema.

Binti akajilaza kitandani. Mama akamkunja goti, akamshika bega na nyonga, akamgeuza. Kasuku akajikuta anatazama ukuta.

"Umefanyaje?"

"Sijui kitabu kinasemaje. Mimi nasubiri mgonjwa avute pumzi, nakwenda naye."

Kasuku akachukua kalamu akayaandika hayo pembeni mwa ukurasa.

Ilikuja orodha ya mahitaji: sare mbili, viatu vyeusi vya kisigino kifupi, mkasi mdogo, saa yenye mshale wa sekunde. Wakaenda kwa fundi cherehani, bwana mmoja mcheshi mwenye futi shingoni. Aliposikia sare ya uuguzi hakuuliza la pili, akamfuata Kasuku na futi lake, akamwambia anyooshe mikono. Kasuku akanyoosha mikono kweli, akaacha fundi apime mabega, kisha akasema, "Sasa mpime na mama, fundi. Mwanafunzi ni yeye. Mimi ni mwalimu wake."

Fundi akacheka akidhani ni mzaha. Hakuna aliyecheka naye. Akaenda kwa mama, akapima taratibu zaidi, akaongeza inchi mbili kiunoni bila kuombwa.

Siku ya kujiandikisha walisimama foleni tangu asubuhi. Karani wa dirishani alikuwa kijana aliyependa fomu zake ziwe kamili.

"Hapa hujajaza," akasema. "Sahihi ya mzazi au mlezi."

"Mwanangu, wazazi wangu wote ni marehemu."

"Basi mlezi."

"Nina miaka arobaini na moja. Mlezi nitamtoa wapi?"

"Kila kisanduku kijazwe, mama. Ndiyo utaratibu."

Foleni ya nyuma ikaanza kuguna. Mama Shuka alikuwa karibu kuomba radhi na kuondoka, mkono ukapita kwapani mwake ukachukua kalamu.

"Mlezi nipo," Kasuku akasema. Akasoma kwa sauti, ili foleni nzima isikie: "Nitahakikisha mwanafunzi anahudhuria masomo na anakuwa na nidhamu wakati wote. Umesikia, mama? Nidhamu." Akaweka sahihi. Penye neno uhusiano akaandika: binti.

Karani akaitazama fomu, akawatazama wao, akaitazama tena. Kisha akagonga muhuri.

Asubuhi ya muhula wa kwanza Mama Shuka alikwenda peke yake. Mlezi alisema mwanafunzi mkubwa hasindikizwi. Alifika mapema kidogo, akasukuma mlango wa darasa akiwa na mkoba wake na sare iliyonyooka. Wanafunzi wapatao arobaini wakaruka juu.

"Habari za asubuhi, mwalimu!"

Akasimama mlangoni. Angeweza kukimbia. Badala yake akajibu, "Nzuri, wanangu, kaeni," kwa sababu ndivyo ulimi wake ulivyozoea kujibu watoto wa watu. Wakakaa. Naye akatembea mpaka dawati tupu la mstari wa pili, akakaa pia, akatoa daftari. Darasa likabaki kinywa wazi. Kisha kijana wa jirani yake akapasuka kicheko, wengine wakafuata, naye akacheka mpaka akashika ubavu, na hivyo ndivyo mwalimu mwenyewe alivyowakuta.

Jioni alipomsimulia Kasuku, binti alicheka akaanguka kwenye mkeka, akataka asimuliwe tena tangu mwanzo. Yakamrudia maneno yote aliyoyaweka akiba. Alisema mpaka chakula kikapoa.

Mwaka uliofuata Kasuku hakuomba tena uuguzi. Aliomba maabara, chuo cha mji mwingine, akachaguliwa, akaondoka na sanduku moja. Anafanya kazi huko mpaka sasa, kazi anayoipenda, na wakipigiana simu huzungumza habari za damu na mikojo huku kila mmoja anakula.

Ila Mama Shuka, ambaye siku hizi beji yake ina jina lake kamili na neno muuguzi chini yake, kuna mchana anatoka zamu saa tisa na miguu inajiharakisha yenyewe kuelekea nyumbani, kama kwamba kuna mtu anayesubiri kumuuliza maswali. Akifika mlangoni ndipo anakumbuka. Anavua viatu, anakaa kwenye kigoda, na kwa muda kidogo anakaa tu.