Kituo cha Mtaani Kwao

Karatasi ya matokeo ya kura za ubunge ilikuwa bado mbichi kwa gundi ilipobandikwa kwenye mlango wa darasa. Msusi alijipenyeza katikati ya mabega ya watu hadi pua yake ikakaribia kuigusa. Fundi baiskeli, kwa vile alikuwa mrefu kuliko wote, ndiye aliyesoma kwa sauti: mkandarasi wa barabara, kura tele; mdogo wake msusi, kura za kuokoteza. Watu wakaguna. Mmoja akamtupia msusi jicho la pole. Yeye akajiziba mdomo kwa kiganja, na waliomwona wakadhani anazuia kilio. Alikuwa akizuia kicheko.

Kicheko chenyewe hakikuvuka lango la shule. Mama Duka, jirani aliyepakana naye ukuta kwa ukuta, alimfuata mbio mbio na kumshika mkono.

"Haya shoga, roho yako imetulia? Tumekusikiliza."

"Mmenisikiliza nini?"

"We naye! Mtu tunashinda kibarazani kwako, unatusuka huku unatuambia, 'Mdogo wangu namjua mimi.' Tukasema, dada mtu hawezi kumsingizia ndugu yake. Kama yeye ana wasiwasi naye, sisi ni nani?"

Siku ya kura, nyuma ya lile boksi la kadibodi, alikuwa ameweka alama mbele ya jina la mkandarasi, mtu ambaye hata salamu yake hakuipenda. Alitoka pale akijiambia kwamba kura moja haimuui mtu. Hakujua kwamba alikuwa ameipiga kura ile kwa vidole vya mtaa mzima.

Wala hakuwahi kumsema mdogo wake vibaya. Hilo angeweza kuliapia. Alichofanya ni kusita. Mteja akimsifu mgombea, msusi alinyamaza kidogo, chanuo likisimama hewani, kisha akasema, "Nesi? Nampenda sana mdogo wangu. Ila tu... basi, tuyaache." Mwenye kusukwa hawezi kugeuza kichwa amtazame msusi usoni, hubaki na lile "ila" masikioni, akaenda nalo nyumbani, akalipika na kulipakua atakavyo.

Kila mtu alimwita Nesi, hata waliokuwa wamelisahau jina lake. Alikuwa amezunguka zahanati za jimbo zima, akizalisha, akifunga vidonda, akifokea waume waliowachelewesha wake zao kufika. Msusi naye, aliyeacha shule mama yao alipofariki ili mdogo wake asiache, aliyemfua na kumlisha kwa vidole hivi hivi vya kusukia, siku hizi alikuwa akiitwa "dada yake Nesi". Zamani Nesi ndiye aliyeitwa mdogo wake msusi. Msusi hakukumbuka ni lini mambo yaligeuka, ila kila alipoitwa hivyo donge lilimpanda kooni, na akalimeza akitabasamu.

Jioni gari la matangazo lilipita. Vijiji vya ng'ambo ya mto vilikuwa vimempa Nesi karibu kura zote. Kule sokoni, kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda, kwenye majumba ya kilimani yenye mageti, kote alikuwa ameshinda. Jimbo lilikuwa lake. Kituo kimoja tu kilikuwa kimemkataa waziwazi, nacho ni kile ambacho alizaliwa hatua chache kutoka mlangoni mwake.

Nesi alipokuja kuwashukuru watu, mwandishi wa habari hakuchelewa kuliona hilo. "Mheshimiwa, umeshinda kote, lakini mtaani kwenu wamekuangusha. Kulikoni?"

"Mtaani kwetu wananijua zaidi," Nesi akajibu, na umati ukaangua kicheko. Msusi alicheka wa mwisho, na macho ya mdogo wake yakamtua usoni mara moja tu, yakapita.

Aliyeshindwa kucheka ni baba yao. Mzee hakuwa mtu wa makuu. Alikuwa mshona viatu mstaafu, na fahari yake yote ilikuwa kuheshimiana na majirani. Sasa akawanunia. Fundi baiskeli akimsalimu, mzee anatazama ukuta. Wenzake wa karata walipomgongea mlango aliwaambia anaumwa. Siku moja Mama Duka alimletea sukari na majani ya chai kama kawaida yake. Mzee akaviweka nje ya kizingiti.

"Nilimbeba mama yako mgongoni kumpeleka hospitali," alimwambia. "Leo mwanangu kawakosea nini?"

Mama Duka alivuka barabara machozi yakimlengalenga. Alipopita kibarazani kwa msusi alipunguza mwendo. Alimtazama tu, namna mtu anavyomtazama aliyemwachia mzigo njiani. Alikuwa na uwezo wa kumwumbua kwa sentensi moja, na hakuisema. Msusi akainamia kichwa cha mteja wake, mistari ikampinda, ikabidi afumue.

Nesi alikuja kusukwa mwenyewe, bila wapambe, asubuhi ya kuondoka kwenda kuapishwa. Aliketi chini, mgongo ukiegemea magoti ya dada yake, kama alivyoketi tangu enzi za meno ya utoto.

"Baba ananiambia anataka kuhama," alisema.

"Ahamie wapi?"

"Kwangu, mjini. Anasema mtaa huu umeoza."

Vidole vya msusi vilikaza. Nesi akavuta pumzi, hakulalamika.

"Nilikuwa najua, dada. Mtaa mzima unajua, isipokuwa baba."

Chanuo lilianguka. Hakuna aliyeinama kuliokota.

"Tangu lini?"

"Tangu kampeni. Wasichana wangu walitaka waje wakuzomee. Nikawaambia atakayekanyaga hapa tutakosana."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema nini? Nipande jukwaani niseme aliyenilea hanitaki?" "Nilijiambia labda una haki ya kuchoka nami. Nisuke tu, gari linakuja."

Msusi akasuka. Alitarajia aibu, na aibu ilikuja, lakini kilichoikumba aibu hiyo kwa kikumbo kilikuwa kijicho kile kile cha zamani, kizima, hakijapungua hata unywele mmoja. Hata kusamehe, huyu amenizidi! Shule alimzidi, jina alimzidi, jimbo zima limembeba. Sasa na hili nalo kalichukua, akaliweka mapajani kama mzigo mwepesi. Akatamani angalau angetukanwa, wawe sawa.

Hakuomba radhi. Kila neno alilolijaribu moyoni lilisikika kama lingempa mdogo wake sifa nyingine. Alimaliza, akamshikia kioo. Nesi akajitazama pande zote mbili.

"Hakuna anayesuka kama wewe," alisema, akaondoka. Msusi alilisubiri "ila", likakosekana.

Gari lilipokwisha kukata kona, mteja wa kwanza alikuwa tayari anavuta kigoda. Msusi akamwambia asubiri. Akampita Mama Duka aliyekuwa akifagia, akarudi hatua moja.

"Leo usifunge duka mapema," alimwambia. "Huenda mzee akaitaka ile sukari."

Mama Duka aliacha kufagia.

Msusi akavuka barabara. Mlango wa baba ulikuwa wazi nusu. Mzee alikuwa ameketi kitandani, nguo zake zimekunjwa kando kwa ajili ya safari ya kuhama. Alisikia nyayo, uso ukachanua kabla hajatazama.

"Nesi?"

Donge likapanda, lile lile. Msusi akasimama nalo pale mlangoni, safari hii hakulimeza.

"Nesi kaondoka, baba. Nimekuja mimi. Nina neno kuhusu zile kura."

Mzee akamtazama kama anayetafuta jina. Kisha akazisukuma zile nguo ukutani, akampisha nafasi.