Ikifika Machoni Inagoma

Chwi-chwi-chwi. Gizani, blanketi la nailoni lilitatarika kila mwanawe Nhyira alipojigeuza, na cheche ndogo za buluu zikametameta begani mwake, zikapotea. Konadu alikuwa macho tangu zamani. Alilala chali akiusikiliza mlio ule, midomo imempasuka kwa vumbi la harmatani, upepo mkavu wa jangwani, akiiwaza mashine ya kuchapia mabango.

Kesho Jumamosi, Nana Pokuaa angetolewa mochwari aje kuliliwa nyumbani kwa ukoo. Huyo ndiye bibi aliyemlea Konadu tangu akiwa na umri wa Nhyira. Wajukuu walikuwa wamegawana kazi: huyu maturubai na viti, yule ngoma, mwingine vinywaji. Konadu alisimama kikaoni mbele ya wazee akasema, "Bango la langoni lenye picha yake niachieni mimi. Nitamchapa Nana kwa mikono yangu mwenyewe." Wakapiga makofi. Siku ile mashine ilikuwa nzima.

Palipopambazuka Ijumaa akambeba Nhyira mgongoni, maana shule zilikuwa zimefungwa, akashuka naye hadi dukani, mtaa wa Asafo. Akamkalisha juu ya roli la turubai la kuchapia, akampa uji wake, akaiwasha mashine.

Ilianza vizuri, kama ilivyoanza vizuri jana. Kigari kilichobeba vichwa vya wino kikaenda kulia, kikarudi kushoto, swaa, swaa. Kilemba cheusi kikatoka. Paji la uso likatoka. Kilipofika kwenye nyusi, taa nyekundu ikawaka, piii, kigari kikasimama katikati ya reli kama punda aliyechoka.

"Tena!" Konadu alijipiga paja.

Mjomba Gyimah, mwenye duka, alichungulia juu ya miwani. Sakafuni palikuwa na vipande vya tangu jana, kila kimoja na paji lake la uso, hakuna chenye macho.

"Binti yangu, hivi bibi yako alikuwa mkaidi hivi hata alipokuwa hai?"

"Mjomba, usinichekeshe. Nitalia."

Kioo cha mashine kilisema kigari kimepotea, hakijui kilipo. Konadu alilijua jambo hilo. Kigari kina jicho linalosoma mistari myembamba kwenye utepe wa plastiki uliotandazwa kando ya reli. Utepe ukishika vumbi, jicho halioni. Akaufuta kwa kitambaa laini, taratibu, kama anayemfuta mtoto tongotongo. Akawasha. Kilemba, paji, nyusi, piii.

Akaukaza mkanda unaovuta kigari. Piii. Akafungua beringi, akazisafisha, akazitia mafuta. Piii. Akabadilisha waya wa mawasiliano, ule mpya waliokuwa wameuficha kabatini kama dhahabu. Safari hii mashine haikufika hata kwenye nyusi.

"Sasa unanifanyia kusudi," akaiambia.

Akampigia simu fundi wa mji wa Tema aliyewauzia mashine. Fundi alikuwa anatafuna kitu.

"Dada, harmatani hiyo. Hewa ikikauka, turubai likisuguana na mashine linazaa umeme. Ule umeme ukikosa njia ya kushuka ardhini unaichanganya mashine akili. Loweka sakafu, hewa ipate unyevu."

Bomba lilikuwa kavu tangu Jumanne. Wakatoboa pakiti zote za maji ya kunywa zilizokuwamo dukani, wakazimwaga. Kigari kikavuka nyusi, Konadu akashika kifua, na hapo hapo, piii.

Simu ikalia. Alikuwa Boadu, binamu yake.

"Nakuja na pikipiki saa kumi. Limekwisha?"

"Linakwisha."

"Linakwisha au limekwisha? Konadu, nisikilize. Tusije tukamtundika Nana nusu uso, watu wakadhani tunamdai. Kama huliwezi, picha nampa jamaa wa ng'ambo ya barabara."

"Kaka, nimesema linakwisha!"

Alikata simu, akaegemea reli ya mashine. Pa! Umeme ukamchoma kidole. Akaruka nyuma, akatoa neno ambalo Nhyira hakupaswa kulisikia. Kisha akatulia, kidole mdomoni. Mashine yenye njia ya kushusha umeme ardhini haimchomi mtu.

Akaufuata waya wa kijani kutoka mgongoni mwa mashine, ukutani, tunduni, hadi nyuma ya duka, ulikofungwa kwenye nondo ya shaba iliyopigiliwa ardhini. Akakifungua kibanio, akaisugua shaba kwa msasa hadi ikang'aa, akakikaza kwa spana. Halafu akachukua globu ya kupimia, waya mmoja akauweka kwenye waya wenye umeme, wa pili kwenye ule wa kijani. Njia ikiwa nzima, globu huwaka kwa nguvu zote. Hii iliwaka wekundu mdogo, kama ncha ya dawa ya mbu.

Waya ni mzima. Kibanio kimekaza. Nondo ipo. Kumebaki nini? Aliupiga ukuta teke, akaumia, akachutama pale pale kwa uchungu, uso karibu na ardhi.

Ndipo akaiona ardhi yenyewe. Ilikuwa imepasuka vipande vipande. Ukoko mweupe wa chumvi ulikuwa umeganda juu yake, na ganda kavu la mahindi limenasa kwenye ufa.

"Mjomba!" akaita. "Ni lini ulimgombeza Maa Dedei?"

Gyimah alitokeza mlangoni, hakulipenda swali. Maa Dedei alikuwa Mga, mtu wa kabila la pwani, aliyekuwa akiuza kenke, matonge ya mahindi yaliyochachushwa na kuchemshwa ndani ya maganda ya mahindi, na samaki wa kukaanga kibanda cha pili. Miaka yote, kila asubuhi, alikuwa akiyamwaga nyuma ya duka lao maji ya chumvi aliyochemshia kenke. Kabla ya Krismasi Gyimah alichoshwa na nzi, akamfokea mbele ya wateja. Tangu hapo mama yule humwaga maji yake kwenye mtaro wa mbali.

"Hapa ndipo nondo yetu ilipopigiliwa," Konadu alisema. "Yale maji yake ndiyo yaliyokuwa yakiilowesha. Sasa imesimama kwenye vumbi tupu, umeme hauna pa kwenda."

"Yaani mashine yangu ilikuwa inakunywa maji ya kenke?"

"Na wewe ukainyima."

Maa Dedei aliwapokea akiwa ameshika kiuno, mwiko mkononi.

"Maji yangu? Yale machafu? Ya nzi?"

"Maa, tafadhali. Ni msiba. Saa kumi wanakuja."

"Wewe sina neno nawe, mwanangu. Ila huyo Mwashanti wako aombe radhi, na aombe kama mtu mwenye kwao."

Konadu alifumba macho. Alijua maana yake. Gyimah akachomoa miguu kwenye kandambili kwa heshima, akajikohoza. Mtu mwenye kwao hamwombi radhi mwenzake moja kwa moja. Humpitishia mtu wa katikati.

"Konadu, mwambie Maa Dedei kwamba siku ile nilikosa."

"Maa, anasema siku ile alikosa," Konadu alisema, akitazama saa ya simu.

"Nimesikia. Mwulize, ni nani aliyemsikia akinitukana?"

"Mjomba, anauliza—"

"Ni wateja. Mwambie ni mbele ya wateja."

"Maa, anasema—"

"Basi aseme kwa sauti, wateja hao hapo wanakula!"

Konadu alitamani kulia kwa sauti. Wote watatu waliweza kugusana mikono, na bado kila neno lilibidi lizunguke kupitia kwake. Gyimah akapaza sauti. Walaji wakashangilia, mmoja akapiga meza. Maa Dedei akashusha mwiko.

"Haya, chukueni. Na sufuria lile pia. Mashine yenyewe ina heshima kuliko mwenyewe."

Wakamwaga yote, bado ya uvuguvugu. Ardhi iliyanywa kwa mlio. Konadu akagusisha nyaya za globu. Ikawaka hata akageuza uso.

Alirudi ndani, akalinyoosha turubai, akabonyeza. Nje, pikipiki ya Boadu ilikuwa inazimwa. Boadu akasimama mlangoni, Maa Dedei nyuma yake akijifuta mikono, wote wawili macho kwenye turubai.

Swaa. Kilemba. Swaa. Paji la uso, na kale kakunjo katikati alikokuwa nako Nana akikaribia kukugombeza. Konadu alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Nyusi. Kigari kikaenda kulia, kikarudi. Kope. Kikaenda, kikarudi, kikaenda.

Nhyira alishuka kwenye roli, akaja akasimama chini ya turubai lililokuwa likishuka polepole, akainua kichwa.

"Nana ananiangalia."